Tanga la mjomba limebanduka rangi: resi za ngalawa ni sanaa au bango?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Mkoani, Pemba. Sasa nakaa Unguja mjini na nachora picha za mtindo wa tingatinga kwa duka la watu Mji Mkongwe. Mjomba wangu alipoacha kwenda baharini alinipa matanga yake mawili ya ngalawa, moja la pamba na jengine la viroba, yote yameshaingia resi mara nyingi. Nikachora juu ya lile la pamba resi yenyewe kwa rangi ile ile ya mafuta ninayotumia dukani. Masika yalipokwisha rangi ikapasuka na kubanduka magamba magamba. Nikapiga vanishi na kulianika juani, ikazidi. Mwenye duka anasema michezo ni kazi ya mabango ya matangazo, si sanaa. Mama naye hapendi nichore sura za watu. Na mimi nilitaka pia niweke nembo ya timu na sura ya mchezaji mmoja ninayempenda. Niendelee au niache? Na hilo tanga litaokoka? Nimeambatisha picha tatu."*

Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa picha. Nimezikuza mpaka nikaona uzi wa kitambaa na kile kiraka cha kanga kilichoshonwa karibu na foromali, ule mti unaolibeba tanga.

Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nilipoisoma barua mara ya pili niliona lililokukaa rohoni ni moja: unahofia umeliharibu tanga la mjomba kwa ajili ya kitu ambacho pengine hata si sanaa. Tanga halijaharibika. Nitakueleza kwa nini limefanya lilivyofanya, na la kufanya sasa. Ila kwanza tumalize la mwenye duka, maana ukiyaamini maneno yake hutakuwa na hamu ya kuliokoa.

Mwenye duka anajua kinachouzika, na hiyo ni elimu, usiidharau. Lakini anachosema kuhusu sanaa si kweli. Kuanzia Stockholm 1912 hadi London 1948, Michezo ya Olimpiki yenyewe ilikuwa ikitoa medali kwa wachoraji, wachongaji, wasanifu wa majengo, watunzi wa muziki na waandishi, kwa sharti kwamba kazi iwe imetokana na michezo. Ireland ilipopata medali yake ya kwanza kama nchi huru, Paris 1924, hakuileta mkimbiaji wala bondia. Aliileta mchoraji, Jack Butler Yeats, akapata medali ya fedha kwa picha ya mashindano ya kuogelea katika mto Liffey, unaopita katikati ya Dublin.

Itafute hiyo picha uitazame vizuri. Waogeleaji ni wadogo, wako chini huko majini. Kilichojaa mbele yako ni watu: migongo, kofia, shingo zilizonyooshwa, mtu ameegemea ukingo ili apate kuona. Mchoraji amekusimamisha katikati ya umati, na wewe unajikuta unataka kumsogeza aliye mbele yako. Nilipoiona mara ya kwanza niliikumbuka Forodhani siku ya resi. Sisi tuliosimama pale ukutani, ngalawa tunaziona kwa tabu. Tunachokiona ni mabuibui, kofia za kiua, mtoto juu ya mabega ya babake, na baina ya vichwa viwili, ncha ya tanga ikipita. Hiyo nayo ni resi, na hakuna bango litakaloionesha hivyo, kwa kuwa bango hutaka mshindi aonekane.

Tena wapo wa zama zetu. Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar 1954 na kupata tuzo ya sanaa ya Turner huko Uingereza 2017, kwa miaka kadhaa alikuwa akikusanya kurasa za gazeti la The Guardian. Aliona jinsi picha za watu weusi, mara nyingi wachezaji wa mpira na wanariadha, zinavyowekwa pembeni mwa vichwa vya habari visivyowahusu, na jinsi jicho la msomaji linavyoviunganisha viwili hivyo bila ya yeye kujua. Akapaka rangi na nakshi juu ya kurasa zile zile, akifunika hapa na kuacha pale, mpaka msomaji aone alichokuwa akikipita. Ukurasa wa michezo, karatasi tunayofungia maandazi, ndio uliokuwa malighafi yake. Hakuhitaji kumchora mchezaji hata mmoja.

Hapo ndipo ninapoligusa la mama. Hukumu ya kuchora sura za viumbe hai si fani yangu, na sitajifanya shekhe. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na hawakuafikiana katika kila jambo, kwa hiyo mwende wewe na mama kwa shekhe mnayemwamini, mkae naye, mumuoneshe na kazi zako. Ninachoweza kukwambia kama mchoraji ni kwamba, kwa kazi hii, kuacha sura hakukupunguzii kitu. Paul Pfeiffer, msanii wa Marekani, alichukua filamu za mapambano makubwa ya Muhammad Ali, akawafuta mabondia wote wawili. Kilichobaki ni ulingo, watazamaji, na kamba zinazotikisika kama zimesukumwa na upepo. Ukitazama, mwili wako unaijua ngumi ilipotua ingawa hakuna aliyeirusha. Sasa fikiria uwanja wa mchezo wa ng'ombe kule kwenu Pemba baada ya watu kwenda zao: vumbi, alama za kwato zilizozunguka pale pale, alama za miguu mitupu zilizochupa pembeni. Au ubao wa bao, mashimo yake 32, kete zimelala kama zilivyokuwa mchezaji aliposhindwa, na shimo la nyumba likiwa tupu. Anayelijua bao ataisoma picha hiyo kama barua.

Nije kwenye picha uliyochora. Nitasema wazi kwa sababu naona unao mkono. Ngalawa zako zote nne zimejaza upepo, zimelala upande mmoja, maji ni ya buluu. Hii ni resi ya kadi ya posta, inayoonekana na mgeni aliyekaa hotelini. Wewe ni mtoto wa Mkoani, mjomba wako ni baharia, na unajua ambalo mgeni halijui: mtu hushinda resi au huikosa pale pa kugeuza. Foromali inazungushwa upande wa pili wa mlingoti, demani, ile kamba ya kulivutia tanga, imelegezwa, tanga linapigapiga halina umbo, mmoja amekimbilia kwenye mrengu, ule ubao wa pembeni mwa ngalawa, kuweka uzito, na kwa muda huo mfupi chombo hakina mwendo na nahodha hana la kufanya ila kungoja upepo uingie. Tanga lililojaa ni zuri, lakini ukitazama la pili na la tatu yote ni yale yale. Tanga lililolegea katikati ya kugeuza lina mikunjo ambayo kila mara ni mipya. Chora hapo. Kakae na mjomba umuulize mkono wake ulikuwa wapi, kamba ilikata kiganja upande gani. Kisha chora kutoka kiganjani.

Haya, rangi. Huenda umedhani rangi ilikuwa feki. Siyo. Rangi ni ile ile nzuri, umeiweka mahali pasipo pake.

Uzi wa pamba hunywa unyevu, na ukinywa huvimba. Kwa kuwa nyuzi zimefumwa moja juu moja chini, uzi ukinenepa, mwenzake hulazimika kuzunguka njia ndefu zaidi kuupita, kwa hiyo kitambaa kizima hujikaza. Kikikauka hulegea. Umepata kuona mabaharia wakilimwagia tanga maji upepo ukiwa mdogo? Ni jambo hilo hilo: uzi unavimba, vitundu vinaziba, tanga linashika upepo. Yaani kitambaa ulichokichagua kazi yake maisha yote ni kucheza.

Rangi ya mafuta, ile ya milango na baiskeli, tabia yake ni nyengine kabisa. Mafuta yake hujifunga kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na hata ukiigusa ukaiona imekauka, ndani bado inaendelea kujifunga kwa miezi na miaka, ikizidi kuwa ngumu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam 1968 alitumia rangi ya namna hiyo juu ya vipande vya hadibodi, na vikatulia, kwa sababu ubao uliokaa sebuleni hautikisiki. Juu ya tanga ni kama kupaka udongo mkavu juu ya ngozi ya ngoma kisha uipige. Kitambaa kinajikaza na kulegea, rangi haiwezi kukifuata, inapasuka.

Halafu ipo chumvi, na kwenye tanga lako naona hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kiasi cha asilimia 75, na wakati wa masika Unguja tunakipita kiwango hicho mara kwa mara. Kitambaa chenye chumvi, kwa hiyo, hakikauki. Jua likitoka, maji yanaondoka na chumvi inarudi kuwa punje. Punje zikikua nyuma ya rangi zinaisukuma kwa nje, kidogo kidogo, kila siku. Katika picha yako ya pili kuna weupe umefuata kingo za magamba. Wewe umeandika pembeni "kuvu". Chukua tone la maji kwa ncha ya brashi uliweke pale. Weupe ukiyeyuka ni chumvi. Ukibaki, na ukawa na harufu ya chumba kilichofungwa, basi ni kuvu kweli.

Vanishi iliongeza matatizo mawili. Nayo ni ngumu, kwa hiyo umeweka gamba juu ya gamba. Tena umeufunga mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi: unyevu unaingia kwa nyuma, haupati pa kutokea, unabandua. Na kulianika juani kuliharakisha ule mzunguko wa kulowa na kukauka ambao ndio unaokuumiza. Hukufanya kosa la uzembe. Ulifanya ambalo kila mtu angelifanya, na mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako nilipoteza kazi mbili juu ya dari kwa kuzianika hivyo hivyo.

Sasa una njia tatu. Ya kwanza ni kukwangua rangi yote uanze upya, nayo siipendi: utaukwangua na uzi, na uzi huo umechoka tayari. Ya pili ni kuliacha libanduke, ukasema ni bahari ndiyo iliyochora. Wapo wasanii wanaofanya hivyo kwa makusudi na inapendeza, lakini ulichokusudia wewe kilikuwa kingine, na mtu atakayelinunua baada ya mwaka atabaki na kitambaa kitupu na kisahani cha magamba. Ya tatu ni kuyalaza yale magamba mahali pake, moja moja, kwa gundi nyepesi inayopenya chini yake, na kuliweka tanga mahali penye hewa. Hii ndiyo ninayokushauri, kwa sehemu iliyoathirika tu. Lakini usiifanye peke yako kwa kusoma maneno yangu. Gundi ikiwa nzito kidogo huacha doa lisilotoka. Kazi hii inataka mtu akae nawe mezani. Kwa sasa lilaze bapa kivulini, upande wa rangi juu, usilikunje, usilipige brashi, na magamba yaliyoanguka yaweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Usiyakwangue kwa kucha wala kuyapuliza, rangi nyengine za mafuta zina madini ya risasi, nayo ni sumu. Ukiona madoa meusi ya kuvu yameenea, au kifua kikaanza kukubana ukikaa nalo chumbani, litoe humo, na kifua kisipotulia mwone daktari.

Ukipata tanga jengine la pamba, anza kwa kulifua. Loweka maji baridi matupu, bila sabuni ya unga, ubadilishe mpaka ukionja maji ya mwisho usikute chumvi. Kwa tanga lililofanya kazi hesabu mara tano au sita, na usichoke, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Likaushe kivulini, ulikaze kwenye fremu, ulipake praima (rangi ya msingi) ya akriliki mara mbili, nyembamba, kisha uchore kwa akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji. Akriliki ikikauka hubaki inanyumbuka kama mpira, itakifuata kitambaa. Ni ghali kuliko rangi ya baiskeli, najua, na ndiyo maana nasema nyembamba. Kulitundika, usiligandamize ukutani. Kuta zetu za mawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini, kwa hiyo weka vipande vya ubao nyuma ya fremu hewa ipite. Ukilihifadhi, lizungushe kwenye bomba nene, rangi kwa nje.

Tanga la viroba ni hadithi nyengine, na hapa sina habari njema. Ile ni plastiki, rangi haina pa kushika, itabanduka kama ngozi ya kitunguu hata ufanye nini. Jua nalo linaila: miaka ikipita nyuzi zinakatika zenyewe na kuwa unga. Usilichore. Lakini fikiria kulishona. Bibi zako Pemba wanajua kushona kofia na kusuka ukili, na matanga ya mitepe, vile vyombo vya zamani vya kushonwa kwa kamba, yalikuwa ya majamvi, yamesukwa kwa miyaa. Tanga la viroba lililotiwa mishono ya ukili, likionesha mistari ambayo ngalawa hupita ikibisha, yaani ikikata upande huu na ule kuukabili upepo, litasema resi bila ya sura ya mtu yeyote. Mama anaweza hata kukusaidia mkono. Likishakwisha lionesheni ndani, mbali na jua.

Na chumvi si adui siku zote. Jeff Koons wa Marekani, 1985, aliweka mpira wa kikapu ndani ya tangi la kioo, ukaelea katikati kabisa, si juu si chini. Siri ni maji ya chumvi chini, ambayo ni mazito, na maji matamu juu yake. Lakini yanachanganyika polepole, na kila baada ya miezi mpira huanza kuondoka mahali pake, ikabidi tangi lijazwe upya. Anayeimiliki kazi hiyo amekubali kuihudumia. Nawe ukiuza kazi ya tanga, mpe mnunuzi karatasi yenye maelezo ya namna ya kuitunza. Itampa imani na itakuepusha na lawama.

Nembo ya timu ni alama ya mwenyewe, na sura ya mchezaji ni yake. Kuichora nembo katika kazi moja ya kutundikwa si sawa na kuichapisha kwenye fulana 100 za kuuza, lakini usinichukue mimi kuwa sheria. Hapa kwetu alama za biashara zinasajiliwa BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar) na hakimiliki ziko COSOZA (ofisi ya hakimiliki Zanzibar), nenda uwaulize kabla, na papo hapo usajili kazi zako mwenyewe. Barua moja kwa klabu kuomba ruhusa haikupunguzii heshima. Ushauri wangu wa kisanii ni mfupi zaidi: acha nembo, chukua rangi za jezi. Siku ya Kombe la Mapinduzi pale Amaan mtu aliye mbali sana haoni nembo hata moja, na bado anajua nani ana mpira.

Kuhusu kuendelea au kuacha: endelea, lakini usiache dukani. Kazi za namna hii huuzika taratibu hapa kwetu, na aghalabu kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yake nusu saa, si kwa mgeni anayekwenda kupanda boti. Tenga siku mbili za wiki ziwe zako. Fanya kazi tano au sita za jambo moja kabla hujamuonesha mtu, kwa sababu tanga moja ukutani litaonekana pambo, lakini sita zitaonekana ni mtu anasema jambo. Ukifikia maonyesho, pita kwanza Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ujue kibali kinavyotakiwa.

Sasa ni kusi, hewa ni kavu kuliko itakavyokuwa tena mpaka mwakani. Niletee hilo tanga la pamba kabla ya vuli, limelazwa bapa, halikukunjwa, kama nilivyokueleza, pamoja na bahasha yako ya magamba. Na kile kiraka cha kanga usikibandue wala usikipake rangi. Muulize mjomba ni kanga ya nani na ilichanika siku gani, uandike jibu lake kama alivyolisema, uje nalo.